Kipande na Uzima: Utambulisho na Siha ya Nafsi katika Historia ya Nairobi

Waswahili wanapojuliana hali huulizana kama ni wazima. Neno hilo limebeba mambo kadha kwa pamoja: mzima ni mtu asiye mgonjwa, ni kitu ambacho hakijakatwa wala kumegwa, ni kiumbe aliye hai; na mtu mzima ni yule aliyekwisha kuuvuka utoto. Yaani lugha yenyewe, muda mrefu kabla ya wataalamu wa saikolojia kuja na istilahi zao, ilikwisha kuamua kwamba afya ya mtu na ukamilifu wake ni jambo moja. Sasa tulitazame neno la pili. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika nchini Kenya aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mshahara wake na saini ya tajiri wake. Aghalabu aliiweka katika kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Karatasi hiyo iliitwa kipande. Mtu alithibitisha kuwa yeye ni nani kwa kuonyesha kipande.

Hatudai kwamba waliolitumia neno hilo kwanza walikuwa wakifanya falsafa. Kipande kilikuwa kadi ya kibarua, na hata katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika neno lilitumika hivyo hivyo. (Lugha, kwa ukarimu wake, ina pia pande la mtu, ambalo ni sifa.) Hata hivyo mkabala wa maneno haya mawili, uzima na kipande, unatupa njia ya kulichunguza suala ambalo limekuwa likijitokeza mara kwa mara katika tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili: uhusiano baina ya utambulisho ulioshikamana na siha ya nafsi. Makala haya yanalitazama suala hilo katika historia ya jiji la Nairobi, katikati ya mji na kwenye vitongoji vyake vya magharibi, kwa kusudi la kuuliza jambo moja: je, ni kweli kwamba mtu wa Nairobi huugua nafsi kwa sababu ana majibu mengi kwa swali la "wewe ni nani"? Au huugua kwa sababu hulazimishwa kulijibu kwa neno moja, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kulikataa jibu lake?

Sheria iliyoleta kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, kisha ikatekelezwa kwa ukali miaka michache baadaye. Shabaha yake ilikuwa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri: aliyeacha kazi kabla ya tajiri kutia saini alihesabiwa kuwa mtoro, na mtoro alitafutwa. Lakini zaidi ya uchumi, kipande kilikuwa pia nadharia ya mtu. Kilisema kwamba Mwafrika ana kabila moja, mahali pamoja anapotoka, na bwana mmoja kwa wakati mmoja. Mji wa Nairobi, ambao mwaka 1899 ulikuwa kituo cha reli tu, ulijaa watu ambao maisha yao yalikuwa yakiikanusha nadharia hiyo kila siku.

Kielelezo bora ni Harry Thuku, aliyekuwa mpiga simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Chama alichokiongoza mwaka 1921 kilianza kwa jina la vijana wa Kikuyu, na baada ya muda mfupi tu kikaitwa Chama cha Afrika Mashariki. Badiliko hilo la jina halikuwa la urembo. Wanachama wa mjini walitoka katika jamii mbalimbali, na malalamiko yao juu ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara yalikuwa ya pamoja. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, Mary Muthoni Nyanjiru akawachochea wanaume waliokuwa wakisitasita, na risasi zikapigwa. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21 waliokufa. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Barabara inayopita hapo, kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, leo inaitwa Harry Thuku. Wanafunzi wetu huivuka kila siku. Kwa upande wa mada yetu, la kuzingatia ni kwamba watu wale hawakuwa wamechanganyikiwa. Walijua vyema kuwa mtu aweza kuwa Mkikuyu, mfanyakazi wa Nairobi, msomaji wa misheni na Mwafrika wa Mashariki bila kupasuka. Aliyeshindwa kulielewa jambo hilo ni karani wa kipande.

Kutoka kwa karani twende kwa daktari. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya wenda wazimu ya Nairobi. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na ambaye alikabidhiwa kazi hiyo bila mafunzo maalumu ya tiba ya akili. Carothers hakuwa mtu mkatili kwa tabia, nasi hatuna haja ya kumchora hivyo ili hoja yetu isimame. Alikuwa mchapakazi aliyehesabu wagonjwa wake kwa bidii. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1947, na baadaye katika kitabu alichokiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, The African Mind in Health and Disease, alifikia uamuzi wa namna mbili. Kwanza, kwamba wazimu ni haba miongoni mwa Waafrika walioko kwao, kwa kuwa mila huwabeba na kuwapunguzia mzigo wa kufikiri kila mtu kivyake. Pili, kwamba wazimu huongezeka kwa wale waliotoka kwao na kwenda kufanya kazi kwingine, yaani wale waliobanduka katika kabila.

Uamuzi huo unapendeza kwa urahisi wake, ndiyo maana haujafa. Lakini ulisimama juu ya hesabu mbovu. Carothers alihesabu waliopelekwa hospitalini, akachukulia kwamba amehesabu waliougua. Mgonjwa wa kijijini alikaa na jamaa zake, akatibiwa na mganga, akachungwa, pengine akafungwa kamba wakati wa vurugu; hakuna daftari lililomwandika. Mgonjwa wa mjini, asiye na shangazi wala uwanja wa kuzururia, aliokotwa na polisi barabarani. Kwa maneno mengine, takwimu za Mathari zilipima umbali wa mtu na askari, si umbali wa mtu na kabila lake. Tena yule aliyekuwa mbali na kwao alikuwa akiishi katika chumba cha msongamano, kwa mshahara usiotosha mke na watoto, na kipande shingoni. Carothers aliyaona mambo haya kama mandhari tu, ilhali huenda yalikuwa ndiyo kisa chenyewe.

Mwaka 1951 alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Hapa tena tunakutana na kipande: mtu asiyekatwa anaelezwa kwa mfano wa mtu aliyekatwa. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliishika hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1961 na kuirarua, akionyesha kwamba elimu ya aina hiyo ilikuwa sehemu ya silaha za ukoloni wenyewe. Wengi wamemnukuu Fanon juu ya jambo hili; wachache wamekumbuka kwamba shabaha yake, kwa sehemu, ilikuwa daktari wa Nairobi.

Kisha ukafika mwaka 1954. Serikali ya Kenya ilimwita Carothers aieleze vita ya Mau Mau, naye akatoa kijitabu kilichopigwa chapa na mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi, The Psychology of Mau Mau. Kwa maelezo yake, uasi ule ulitokana na nafsi iliyokwama katikati: Mkikuyu aliacha mila asifike kwenye ustaarabu, akawa na wasiwasi, na wasiwasi ukamfanya mwepesi wa kiapo. Ardhi iliyotwaliwa haikuwa na nafasi kubwa katika maelezo hayo. Tiba iliyopendekezwa ilikuwa pamoja na kuwakusanya watu vijijini chini ya uangalizi. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, majeshi yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao kwa kutikisa kichwa waliamua nani ni nani. Maelfu walipelekwa Langata, kusini-magharibi mwa mji, kuchujwa, na kutoka huko wengi wakasafirishwa hadi Manyani na Mackinnon Road.

Tuyaweke mambo haya mawili bega kwa bega, kijitabu na operesheni. Kimoja kilisema kwamba Mwafrika anaugua kwa kutojua yeye ni nani. Kingine kilimnyang'anya Mwafrika haki ya kusema yeye ni nani, kikamkabidhi haki hiyo mtu asiye na uso. Kama kulikuwa na mgogoro wa utambulisho mjini Nairobi mwezi ule, haukuwa ndani ya kichwa cha aliyesimama mstarini.

Pengine mtu atauliza: je, basi tuitupe dhana nzima ya utambulisho na siha ya nafsi kwa sababu Carothers aliitumia vibaya? La. Erik Erikson, ambaye ndiye aliyelisambaza wazo la mgogoro wa utambulisho, hakumaanisha alichomaanisha Carothers. Kwake utambulisho ni hisia ya mtu kwamba anaendelea kuwa yule yule kadiri wakati unavyopita, na kwamba wenzake pia wanamwona kuwa yule yule. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo husahauliwa. Erikson mwenyewe alikulia Ujerumani akitumia jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akachukua jina jipya. Wala hatuambiwi kwamba alipelekwa Mathari ya kwao. Katika Kiswahili wazo lake linakaa vizuri kuliko katika lugha aliyoandikia, maana utambulisho wetu umetokana na kutambua. Mtu hujitambua, hutambulika, hutambulishwa. Shina ni moja, na haliwezi kukamilika bila mtu wa pili.

Hapa ndipo tunapoigeukia tahakiki yetu wenyewe, kwa kuwa jambo lililotusukuma kuandika liko huko. Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kuna mazoea ya kumtazama mhusika msomi wa mjini kwa jicho la Carothers bila kumtaja Carothers. Mhusika ameacha mila, hakuufikia usasa, amebaki njia panda, kwa hiyo ameugua: maelezo haya yamekaririwa mara nyingi hata yamekuwa kama wimbo. Anayeathirika zaidi ni Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, msomi wa chuo kikuu ambaye mwishoni anajiua. Husemwa kwamba elimu ilimng'oa. Lakini Kazimoto ana kwao, ana wazazi, ana lugha, anarudi kijijini, mizizi anayo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumweleza mambo yake akaeleweka. Anatusimulia sisi wasomaji kwa ufasaha mkubwa yale asiyoweza kumsimulia mtu yeyote aliye karibu naye. Ikiwa tunataka kuzungumzia afya ya nafsi katika riwaya hiyo, basi hebu tuanzie kwenye ukimya baina ya watu, si kwenye wingi wa mambo ndani ya mtu mmoja.

Mfano wa upande wa pili ni Abdilatif Abdalla. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikaa peke yake. Kwa vipimo vyote vya kitabibu, mazingira yale yalitosha kumvunja mtu. Tungo alizoziandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Wahakiki wamezungumza sana juu ya ujasiri uliomo. Tunaloliona sisi ni umbo. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni majibizano ya watu wawili wanaougombania mnazi, kila mmoja na hoja zake. Mfungwa aliyeko peke yake ameumba wawili na kuwaachia wabishane, kwa bahari na vina vilivyorithiwa, katika Kimvita cha kwao Mombasa. Hatukuti hapo nafsi iliyojikunja ikawa neno moja ili isivunjike. Tunakuta nafsi iliyojifanya uwanja wa mazungumzo, na iliyotoka jela ikiwa nzima. Hatudai kwamba ushairi ni dawa; walikuwapo waliotunga na bado wakaumia. Tunachosema ni kwamba ushahidi huu hauafikiani kabisa na nadharia ya Mathari.

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na ambaye alitiwa kizuizini mwaka 1986, alikiweka kitendawili hiki katika jina la riwaya yake ya mwaka 1995. Walenisi ni "wale ni sisi" yaliyoshikanishwa. Sarufi ya kawaida inatutaka tuchague: ama wale, ama sisi. Mkangi anaziunganisha nafsi mbili, ya tatu na ya kwanza, kwa "ni" moja, na kuifanya sayari nzima. Inafaa kukumbuka jina hilo linasomwa katika mji wa namna gani. Katika muongo ule ule alipofungwa Mkangi, washukiwa wa kisiasa waliteswa katika vyumba vya chini ya Nyayo House, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, jengo ambalo ghorofa zake za juu zilikuwa na ofisi ya uhamiaji. Raia alipanda ngazi kuomba pasipoti, yaani kuiomba dola imtambue, na chini ya miguu yake mwenzake alikuwa akilazimishwa kukiri kuwa yeye ni mtu mwingine. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003.

Mtu akitoka hapo akaelekea magharibi hufika Kangemi na Kawangware, na akikata kushoto hufika Kibera. Katika vitongoji hivi kijana huweza kuzungumza lugha ya mama nyumbani, Sheng barabarani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, tena bila jasho. Hata hivyo kitambulisho cha taifa alichopewa kwa miaka mingi kilimwandikia wilaya, tarafa na lokesheni, na mara nyingi mahali hapo palikuwa pa babu yake, mbali na Nairobi aliyozaliwa. Kilikuwa kipande kisicho na kamba. Kwamba hilo si jambo dogo kulidhihirika katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo kwa mujibu wa Tume ya Waki ziliua watu 1,133 nchini. Kwenye vizuizi vya barabarani vijana walidai vitambulisho na kusoma majina. Aliyezoea kuwa wengi aligundua ghafla kwamba mbele ya panga anaruhusiwa kuwa mmoja tu. Wenzetu wa tiba ya akili wana mengi ya kusema juu ya majeraha ya miezi ile; sisi wa fasihi tunaweza angalau kuacha kuwaambia walionusurika kwamba tatizo lao lilikuwa kutojua mila zao.

Kibera ina kisa kirefu zaidi. Wanubi wa hapo ni wazawa wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na ardhi yao, zaidi ya ekari 4,000, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi mwaka 1918. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi, lenye maana ya msitu. Hawa ni watu wenye utambulisho ulioshikamana kwa kipimo chochote: wana lugha, dini, mapishi, harusi zao na kumbukumbu ya vita walivyopigana. Kama Carothers angekuwa sahihi, wangekuwa watu wenye utulivu kuliko wote mjini. Lakini kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyefikia miaka 18 alitakiwa kufika mbele ya kamati ya uchunguzi, alete hati za wazazi na hata za babu, athibitishe kwamba yeye ni Mkenya, huku jirani yake wa kabila lililoorodheshwa akichukua kitambulisho bila maswali mengi. Mtu aliyejijua vizuri alirudishwa nyumbani bila kutambuliwa. Bila kadi hakuna kazi rasmi, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura, na askari akimsimamisha usiku hana la kumwonyesha.

Mashirika ya kutetea haki yalilipeleka suala la watoto wa Kinubi mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na uamuzi wake wa kwanza kabisa, uliotolewa tarehe 22 Machi 2011, ulikuwa huo. Kamati iliona kwamba Kenya imekiuka haki za watoto hao, na kwamba kumwacha mtoto bila uraia ni kinyume cha maslahi yake. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Wazee waliokuwa wakiulizwa kila mara walikotoka wakawa na karatasi inayoeleza walipo, kwa eneo ambalo halifiki hata sehemu moja ya kumi ya lile la mwaka 1918.